Wahakiki walikosea sababu, si hukumu: kuitazama upya Rise of the Lycans

Tangu Sinners ya Ryan Coogler ianze kuonyeshwa Aprili 2025 na kupokewa kwa sifa karibu kila ilikofika, yako maneno yanayozunguka sana miongoni mwa wapenzi wa filamu: ati hatimaye Hollywood imetambua kuwa kisa cha wanyonya damu kinaweza kubeba habari za ubaguzi na utumwa, na kwamba kabla ya hapo kulikuwa na makoti ya ngozi, meno marefu na bastola tu. Mfululizo wa filamu za Underworld, unaohusu vita kati ya wanyonya damu na mbwa-mwitu, ni miongoni mwa zinazotupiwa mawe ya kwanza. Ndani ya mfululizo huo, filamu ya tatu, Rise of the Lycans ya mwaka 2009, haina hata Kate Beckinsale, nyota wa mfululizo, wa kuikingia kifua, isipokuwa kwa muda mfupi mno. Ushahidi unaoletwa ni namba: asilimia 30 kwenye Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki. Ukiuliza ubaya wake ni upi hasa, unaonyeshwa namba hiyo kana kwamba ni hukumu ya mahakama ya rufaa na mjadala umefungwa.

Sidai kwamba filamu hii ni lulu iliyofukiwa mchangani. Ina kasoro, na baadhi nitazitaja kwa ukali kuliko walivyozitaja wao. Ninachodai ni kwamba wahakiki wengi wa 2009 waliiuliza swali lisilo lake. Waliidai taharuki ilhali yenyewe ni tanzia. Kwa kuwa macho yao yalikuwa yakitafuta kisichokuwepo, hawakusoma kilichokuwepo: kisa cha mtumwa na bwana wake, ndani ya mfululizo uliotokana na wazo la mwandishi Mweusi, miaka mingi kabla ya Coogler kuwapeleka wanyonya damu wake Mississippi ya 1932. Wanaoitumia asilimia ile leo kuthibitisha kwamba zama zile zilikuwa tupu wanarithi kosa la wenzao bila kulikagua.

Tuanzie mbali kidogo. Wazo la Underworld halikuzaliwa kwenye meza ya wakubwa wa kampuni. Len Wiseman, aliyeongoza filamu ya kwanza, alikutana na Kevin Grevioux kwenye utengenezaji wa Stargate, filamu ya 1994, wote wakiwa bado watu wa kazi ndogondogo. Grevioux ni Mmarekani Mweusi aliyesomea mikrobiolojia katika Howard University, na ukishajua hilo huhitaji kuambiwa kwa nini katika mfululizo huu kunyonya damu kunaelezwa kama virusi na urithi wa vinasaba, wala si laana inayofukuzwa kwa msalaba. Amewahi kueleza hadharani kwamba habari ya wapenzi wawili kutoka koo zinazochinjana ilitokana na aliyoyaonja mwenyewe katika mapenzi ya watu wa rangi tofauti. Filamu ya kwanza ilitoka 2003, ikagharimu takriban dola milioni 22 na kuingiza karibu milioni 95 duniani. Wahakiki waliiona kama viraka vya filamu nyingine vilivyoshonwa pamoja. Mwaka huohuo kampuni ya michezo ya White Wolf na mwandishi Nancy A. Collins waliwashtaki watengenezaji kwa madai ya kunakili kazi zao, shauri likaishia kwenye mapatano nje ya mahakama. Mfululizo ukaanza maisha yake na sifa ya mwizi wa kuku, na sifa ya namna hiyo haifutiki upesi. Ya pili, Evolution ya 2006, iligharimu zaidi ya mara mbili na kupokewa vibaya zaidi.

Ndipo ikaja ya tatu, Januari 2009, ikiwa kisa cha awali, yaani inayorudi nyuma ya zote. Kiti cha mwongozaji alipewa Patrick Tatopoulos, fundi wa kubuni viumbe aliyetengeneza majini ya Independence Day na Godzilla ya 1998, ambaye hakuwa ameongoza filamu ndefu kabla ya hapo. Ilipigwa New Zealand kwa bajeti ya dola milioni 35 hivi. Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Katika ngome ya karne za kati, chini ya utawala wa Viktor, mkuu wa wanyonya damu, mateka mmoja wa jamii ya mbwa-mwitu anazaa mtoto mwenye umbo la binadamu. Viktor anainua upanga amuue, kisha anaghairi. Mtoto huyo, Lucian, anakua akiwa mhunzi wa ngome, na kwa kuumwa naye binadamu wengine wanageuzwa Lycan: viumbe wenye nguvu za mnyama na akili za mtu. Wanafaa sana kuwalinda mabwana mchana, wakati mabwana wenyewe hawawezi kuliona jua. Shingoni wanavishwa pingu za chuma zenye miiba ya fedha inayoelekea ndani. Ukijaribu kugeuka, shingo yako inavimba na miiba inaingia. Lucian anapendana kwa siri na Sonja, binti wa Viktor. Mwisho wake kila aliyeiona ile ya 2003 anaujua: binti anahukumiwa na baba yake mwenyewe kuchomwa na jua, mpenzi wake akiwa amefungwa minyororo, analazimishwa kutazama.

Wahakiki walilalamikia mambo machache yaliyojirudia. Kwanza, picha ni za giza mno, rangi ya buluu iliyokolea mpaka kwenye mapigano huoni nani anamkata nani. Pili, uhariri wa harakaharaka. Tatu, na hili ndilo lililobeba uzito, hakuna la kusubiri kwa kuwa mwisho unajulikana. Karibu wote walimsifu Michael Sheen kama Lucian na Bill Nighy kama Viktor, kisha wakashangaa watu wa hadhi hiyo wanatafuta nini humo. Sheen alikuwa ametoka kuonekana kama David Frost katika Frost/Nixon wiki chache tu nyuma, na mshangao huo uliingia kwenye maandishi kama vile kuigiza vizuri ndani ya filamu ya mazimwi ni kupoteza kipaji. Kuhusu namba, ifahamike inasema nini. Asilimia ya Rotten Tomatoes si alama ya ubora. Ni sehemu ya wahakiki ambao maoni yao yamehesabiwa kuwa mazuri. Filamu ambayo kila mhakiki ameipa sita kwa kumi inaweza kupata mia kwa mia, na ile ambayo wengi wameipa tano ikaanguka chini kabisa. Metacritic, wanaotafuta wastani, waliipa filamu hiihii 44 kwa mia. Namba hizo mbili hazipingani. Ya kwanza inasema watatu kwa kumi walitoka wameridhika. Ya pili inasema kutoridhika kwa wale saba hakukuwa kukubwa sana. Anayenukuu ya kwanza peke yake anamfanya msomaji aone chuki mahali palipokuwa na kupiga mwayo.

Sasa hoja ya mwisho unaojulikana. Niiweke kwa nguvu zake zote, maana si hoja ya kipuuzi. Filamu ya 2003 ilishatuonyesha kifo cha Sonja kwa kisengerenyuma, kumbukumbu ya Lucian iliyopita kwenye damu. Dakika chache zile zilikuwa na uchungu wake na zilitosha. Kuja miaka sita baadaye kuzinyoosha ziwe dakika 92 ni kumwuzia mtu maji ya dafu alilokwisha kunywa. Kisa cha awali chochote kinakabiliwa na deni hili: kisipokuwa na jambo jipya la kuongeza, ni biashara tu.

Lakini hoja hiyo inachukulia kwamba tunachofuata katika hadithi ni tukio. Kwa baadhi ya hadithi ni kweli. Kwa tanzia si kweli hata kidogo, na sisi wa lugha hii tuna ushahidi wa kutosha bila kwenda kuwaazima Wagiriki. Nani katika Lamu au Pate aliwahi kuketi kusikiliza habari za Fumo Liyongo akiwa hajui kwamba atauawa na mwanawe, kwa sindano ya shaba kitovuni? Mshairi Muhamadi Kijumwa alipoutunga utendi wake 1913 hakuwa akificha mwisho. Wasikilizaji walikuwa nao tangu utotoni. Wanakwenda kusikia jinsi mtoto anavyoahidiwa ufalme na mke, jinsi anavyomwuliza baba yake ni kitu gani kinachoweza kumwua, na jinsi baba, ambaye anashuku, anavyomjibu hivyohivyo. Kujua mwisho ndiko kunakoyapa maswali yale ya mtoto uzito. Msikilizaji asiyejua angeona mazungumzo ya kawaida ya mtu na mwanawe.

Rise of the Lycans inafanya kazi kwa utaratibu huo, hasa kwa mhusika ambaye wahakiki walimsifu bila kusema kwa nini. Ile kumbukumbu ya 2003 ilikuwa ya Lucian, na Viktor ndani yake ni jitu katili lisilo na zaidi. Kisa cha awali kinatupa Viktor mwingine: baba anayempenda binti yake, anayemwandalia kiti katika baraza, anayekasirishwa na utundu wake wa kutoka nje ya kuta kupigana, na anayemfuga Lucian kwa namna ya mapenzi ambayo mwenyewe asingekubali kuyaita hivyo. Anagundua mapenzi ya siri kwa kuinywa damu ya binti yake, kwa kuwa damu katika ulimwengu huu hubeba kumbukumbu, na uso wa Nighy katika tukio hilo unabadilika mara tatu bila neno. Kisha anaketi kuhukumu kwa sheria ambayo ndiyo inayomweka kwenye enzi. Akimsamehe binti, amekiri kwamba damu ya mtumwa na ya bwana zinaweza kuchanganyika, na ngome nzima haina tena sababu ya kuwa kama ilivyo. Hili halikuwemo katika filamu ya kwanza. Ni jambo jipya, nalo haliwezi kuonekana na mtu anayekaa akisubiri kujua nani atakufa.

Kuna jambo dogo linaloonyesha vizuri zaidi jinsi swali lisilo lake linavyopofusha. Wengi walimwona Rhona Mitra, aliyeigiza Sonja, kuwa ni Beckinsale wa bei nafuu: nywele nyeusi, mavazi meusi ya ngozi, upanga. Lakini katika filamu ya kwanza tumeambiwa wazi kwamba Viktor aliiua familia ya Selene, mhusika wa Beckinsale, na kumwacha yeye hai, akamgeuza na kumlea, kwa kuwa alimkumbusha binti yake. Sonja lazima afanane na Selene. Asipofanana, nguzo ya mfululizo mzima inaanguka. Kufanana kule ni dhambi ya Viktor inayotembea kwa miguu miwili. Kama kampuni nayo ilifurahi kwamba kunasaidia kuuza mabango, sawa, lakini hilo halifuti jambo lenyewe.

Nije kwenye utumwa. Maandishi mengi ya wakati ule yaliishia kusema kwamba hii ni Romeo na Juliet yenye manyoya, wakapita. Ulinganisho huo una ukweli wake, ila unaficha zaidi ya unavyofichua. Romeo na Juliet ni watoto wa nyumba mbili zilizo sawa kwa cheo. Lucian na Sonja si sawa: mmoja ni mali ya baba wa mwingine. Angalia tukio linaloanzisha maafa. Sonja amezingirwa na mbwa-mwitu porini, Lucian anaifungua pingu yake, anageuka, anamwokoa. Malipo yake ni kuchapwa mijeledi na kufungwa. Amemwokoa binti wa bwana, lakini ili amwokoe imebidi athubutu kuutumia mwili wake mwenyewe kwa uamuzi wake mwenyewe, na hilo ndilo kosa lisilosameheka. Anayejua chochote kuhusu sheria za utumwa, za Marekani au za kwingine, atatambua mantiki hiyo papo hapo: tendo la mtumwa haliangaliwi lilimfaa nani, linaangaliwa liliamuliwa na nani.

Na kuna lililo chungu zaidi. Lucian si mtumwa kama wenzake tu. Yeye ndiye chombo kilichotumika kuwafanya wengine kuwa watumwa. Meno yake ndiyo yaliyowageuza. Ana upendeleo, ana karakana, anaingia mahali wenzake hawaingii, na kama mhunzi anafahamu pingu kuliko mtu yeyote, hata anaweza kujitengenezea ufunguo kwa siri. Uasi wake hauanzi kwa siasa. Unaanza kwa mtu aliyetaka kuondoka na mpenzi wake akaishi mbali, kisha akatambua kwamba hana pa kwenda peke yake. Nje ya kuta kuna makabaila wa kibinadamu wanaomlipa Viktor ushuru wa fedha, madini yaleyale yanayotiwa kwenye miiba ya pingu, ili wapewe ulinzi dhidi ya mbwa-mwitu wa porini. Kila tabaka lina sababu ya kutaka mambo yaendelee yalivyo. Huo ni uchumi uliopangwa vizuri kuliko nilivyotarajia katika filamu ya saa moja na nusu yenye viumbe vya manyoya. Waliosema msuko wake umevurugika sijui walitazama ipi. Katika mfululizo wote huu hakuna ulionyooka kama huu.

Hapo ndipo madai ya leo, kwamba Sinners imefungua mlango uliokuwa umefungwa, yanapoyumba. Sinners ni filamu kubwa kuliko hii kwa kila kipimo ninachokijua, na muziki wake peke yake unaiweka mbali. Lakini mlango ulikuwa wazi tangu Blacula ya 1972 na Ganja & Hess ya Bill Gunn mwaka uliofuata, na Blade ya 1998 ilipita humo ikiwa na panga. Grevioux alipita baadaye, kwa kificho zaidi, akilivisha jambo la rangi nguo za koo na virusi. Tofauti kati ya 2009 na 2025 imo kwenye filamu na imo pia kwa wasomaji wake. Coogler analisema jambo lake waziwazi, mahali penye jina na mwaka, na mhakiki wa leo amezoea kutafuta maana ya kijamii ndani ya filamu za kutisha. Yule wa 2009 hakuiletea hii udadisi wa namna hiyo.

Nimeahidi kasoro. Giza lile si uzushi wa wahakiki. Ni kweli kabisa, na ni la aibu zaidi kwa kuwa mwongozaji alikuwa fundi wa viumbe: amewatengeneza mbwa-mwitu wenye uzito na misuli, kisha akawafungia kwenye chumba kisicho na taa. Pambano la mwisho linapaswa kuwa malipo ya kila kilichotangulia, nalo ni vurugu ya vivuli. Mazungumzo ya wapenzi ni makavu. Sheen anayabeba kwa macho yake, Mitra hakupewa cha kubeba. Na dakika 92 hazitoshi kwa uasi wa watumwa. Tunaruka kutoka kwenye manung'uniko ya gerezani mpaka jeshi zima bila kuona ni vipi watu waliokuwa wakimchukia Lucian kwa upendeleo wake walivyokubali kumfuata. Mhakiki aliyeipa filamu hii alama ya chini kwa mambo haya hana deni kwangu.

Upande wa mashabiki nako kuna hoja dhaifu zaidi ya zote, nayo ndiyo inayopigiwa kelele. Inasema: wahakiki waliiponda, lakini ikaingiza zaidi ya dola milioni 90, kwa hiyo watazamaji wamesema. Watazamaji wamesema nini? Tiketi hununuliwa kabla ya filamu kuonekana. Pesa ya mwanzoni inapima umaarufu wa jina na bango. Kinachokaribia kupima kuridhika ni jinsi filamu inavyodumu wiki zinazofuata. Marekani na Kanada, Rise of the Lycans ilifungua kwa takriban dola milioni 21 na kumaliza na milioni 46 hivi. Yaani karibu nusu ya kila ilichopata huko ilipatikana siku tatu za kwanza. Waliokuwa wakiusubiri mfululizo huo walijaa Ijumaa, wengine hawakuja. Na kama pesa ni hoja, basi Furiosa ya 2024, iliyosifiwa sana na kushindwa kurudisha gharama zake kwenye majumba ya sinema, ingekuwa mbaya, na Mufasa ya mwaka huohuo, ambayo wahakiki waligawanyika juu yake na bado ikapita dola milioni 700, ingekuwa kazi ya sanaa ya muongo. Zote mbili ni visa vya awali. Mashabiki wanaokejeli asilimia kisha wakakimbilia dola wamebadilisha namba tu.

Vilevile siafikiani na wanaosema wahakiki wanadharau tu filamu za kutisha na za mazimwi. Miezi michache kabla ya hii, filamu ya Kiswidi ya Tomas Alfredson kuhusu mtoto mnyonya damu na mvulana anayeonewa shuleni, Let the Right One In kama ilivyojulikana kwa Kiingereza, ilizunguka dunia ikikusanya sifa kutoka kwa wahakiki. Hawakuwa na tatizo na meno. Ila ile ilikuwa ya kimyakimya, ya theluji, ya lugha ya kigeni, ikafika mezani ikiwa na dalili zote za kitu cha kusomwa polepole. Hii ya Lycan ilifika Januari, mwezi ambao Hollywood hutupia filamu isizozitegemea, ikiwa na namba tatu kifuani na bila nyota wake. Na nje ya ukumbi kulikuwa na homa ya Twilight, iliyotoka Novemba iliyotangulia, ambayo ilifanya kila mapenzi kati ya binadamu na mnyonya damu yaonekane ni ya vijana wa sekondari. Mhakiki ni mtu. Anaingia na matarajio, na matarajio huamua atazame kwa jicho lipi.

Huku kwetu mapokezi yalikuwa na njia yake. Wengi tulioziona filamu hizi hatukuziona kwa mpangilio wa miaka. Zilikuja kwenye zile DVD za mkusanyiko, filamu nyingi ndani ya sahani moja, na mfululizo ukiwa umechanganywa. Mimi hii ya tatu niliiona kabla ya ile ya kwanza, kwa hiyo kifo cha Sonja kilinifika kama habari mpya. Nilipokuja kuiona ya 2003, Lucian, aliyepaswa kuwa adui, alikuwa tayari ndugu yangu, na Selene alikuwa askari wa upande mbaya asiyejua anamtumikia nani. Sidhani kama watengenezaji walikusudia njia hiyo, lakini inaonyesha kwamba filamu hii inasimama kwa miguu yake. Wasimulizi wa vibanda vya video, kuanzia marehemu Lufufu wa Tanzania hadi DJ Afro wa Kenya, walizoea kudokeza linalokuja kabla halijatokea, na hakuna aliyedai arudishiwe kiingilio.

Ndiyo maana inasikitisha kuona uhakiki wa filamu unaochipuka kwa Kiswahili, kwenye YouTube na TikTok hasa, ukianza kwa kusoma asilimia. Kijana ana kamera, ana lugha tamu, ana jicho, na sentensi yake ya kwanza ni namba iliyokusanywa kutoka kwa watu waliokuwa wakiuliza maswali ya kwao, kwa wasomaji wao, katika Ijumaa fulani ya Januari. Namba hiyo inaweza kumfaa kama habari. Ikitangulia, inamwambia atafute nini, naye atakipata.

Kwa upande wangu, kama ningekuwa na safu ya kuandika mwaka ule wa 2009, lawama yangu kuu isingekuwa giza wala mwisho unaojulikana. Ingekuwa Raze. Ni binadamu aliyekamatwa, akaletwa ngomeni kwa pingu, akageuzwa Lycan, kisha akawa mkono wa kulia wa Lucian. Anaigizwa na Grevioux mwenyewe, mtu ambaye wazo lote hili lilianza kichwani mwake, mwenye mwili wa ukuta na sauti ya radi. Katika filamu inayohusu utumwa, mtu Mweusi anayeonekana zaidi kwenye skrini anapewa sentensi chache na kazi ya kusimama nyuma ya bega la shujaa Mzungu. Hatujui alitoka wapi, aliacha nani, wala aliwaza nini alipomwona kiongozi wake akilia kwa ajili ya binti wa bwana. Mswada una majina mengine matatu; sehemu ipi ilipunguzwa na nani, skrini haisemi. Lakini pengo linaonekana kwa macho, na kati ya zile tahakiki nilizowahi kuzisoma, za kuponda na za kusifu, hakuna iliyosimama hapo na kuuliza.